Mgonjwa wa Kifua Alale Upande Gani?



Wengi wenu mmepata kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa wa kichomi, na swali lenu ni lile lile sikuzote: alale upande gani? Ili kulijibu hatuna budi kwanza kuingia ndani ya kifua.

Katika mapafu ya mtu mzima mna vifuko vidogo vya hewa, yapata milioni 300 au zaidi, navyo vimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Mtu akipumzika, kila dakika hewa yapata lita 4 hufika vifukoni, na damu yapata lita 5 hupita kando yake. Lakini kufika hakutoshi. Sharti zikutane mahali pamoja. Damu isiyokutana na hewa hurudi moyoni kama ilivyokuja.

Wala mgawanyo wake si sawa. Damu ina uzito, na moyo huisukuma mapafuni kwa nguvu ndogo tu. Kwa hiyo mtu akisimama, damu nyingi huenda sehemu za chini, na juu hupita kidogo. Hewa nayo huingia zaidi chini, ila tofauti yake si kubwa kama ile ya damu. Mwaka 1960, huko London, madaktari Colin Dollery na John West walilipima jambo hili kwa kuwavutisha watu hewa yenye mionzi, huku vyombo vilivyowekwa kifuani vikiihesabu.

Mwili una ulinzi wake. Sehemu ya pafu ikikosa hewa, mishipa yake hujibana, na damu ikaelekea penye hewa. Von Euler na Liljestrand wa Uswidi walilieleza hilo mwaka 1946 baada ya kuchunguza paka. Lakini mlango huo haufungi kabisa, hasa penye ugonjwa.

Basi turudi kitandani. Mtu mzima mwenye pafu moja bovu, kwa kawaida hulazwa pafu zima likiwa chini, damu iteremke penye hewa. Ila pafu bovu likivuja damu, hilo ndilo huwekwa chini, lisije likalifurika lile zima. Na mtoto mchanga msimpimie kwa kanuni hii, maana kwake hewa huingia zaidi pafu la juu.

Je, yakiugua yote mawili? Mwaka 2013 Claude Guérin wa Ufaransa na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 466 mahututi waliopumulishwa kwa mashine. Katika kila 100 waliobaki chali, yapata 33 walikufa kabla ya siku 28 kutimia. Katika waliolazwa kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku, walikufa 16. Sababu moja ni kwamba sehemu za mgongoni, zenye damu nyingi, hufunguka zikapata hewa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, hospitali za nchi nyingi zilifanya vivyo hivyo. Kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo ni kazi ya watu kadhaa, na mmoja wao hana kazi nyingine ila kushika kichwa na mpira wa kupumulia.