Meza Haitawali



Jioni hii tumeombwa tuseme habari za neno moja la Kiingereza ambalo watu hututupia sisi tukaao maofisini, nalo ni "bureaucracy". Kwa Kiswahili, urasimu. Hulisema kwa hasira mtu aliyeambiwa "njoo kesho" mara ya tatu. Kabla hatujalichukia, yafaa tuijue asili yake.

Neno hili lina vipande viwili, na kila kimoja kina kwao. Cha kwanza, "bureau", ni cha Kifaransa. Zamani kilikuwa jina la kitambaa kizito cha sufu kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia. Baadaye jina likahama: likaitwa meza yenyewe, kisha chumba chenye meza, mwisho ofisi nzima na kazi zake. Kipande cha pili, "-cracy", chatokana na "kratos" la Kiyunani, maana yake nguvu au utawala. Ndicho kilichomo katika "democracy", yaani utawala wa watu. Basi vikiungwa, maana yake ni utawala wa meza.

Anayetajwa kuwa alivitunga pamoja ni Mfaransa Vincent de Gournay, aliyefariki mwaka 1759. Habari hiyo imo katika barua ya Grimm ya mwaka 1764. Gournay hakuwa mgeni wa maofisi. Tangu mwaka 1751 alikuwa ofisa wa Mfalme, msimamizi wa mambo ya biashara. Aliona kanuni zikiwabana mafundi na wafanya biashara, akalitunga neno kwa dhihaka. Kumbe aliyetucheka ni mwenzetu!

Nasi tukiri. Tumepata kumrudisha mzee mara tatu kwa ajili ya sahihi moja, naye alitoka kwake alfajiri kwa miguu. Karatasi yake ilikuwapo siku zote, chini ya nyingine, juu ya meza yetu. Siku hiyo meza ilitawala kweli.

Lakini jina letu sisi ni watumishi, na shina lake ni "tuma". Neno lile la kigeni laishia katika nguvu. Letu laanza katika kutumwa. Aliyetumwa hamwambii aliyemtuma "njoo kesho" bila sababu. Basi kila jioni, kabla ya kufunga mlango, tuzipekue karatasi zetu, tuone ni nani amelala chini yake.