Kura Ambazo Hazikupigwa Migori na Homa Bay

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini



Tumeombwa tuseme juu ya uchaguzi na demokrasia. Neno demokrasia limetajwa mikutanoni hata limechakaa kidogo, kwa hiyo twapenda kulishusha hadi kwenye siku moja ambayo wengi wenu mwaikumbuka: Alhamisi, 26 Oktoba 2017. Siku hiyo taifa liliitwa kurudia uchaguzi wa rais. Katika kaunti za Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya, vituo vingi havikufunguliwa kabisa. Tume ya uchaguzi ikasogeza siku hadi Jumamosi, kisha ikaahirisha tena, na tarehe 30 Oktoba mshindi akatangazwa bila kungojea kura za huku. Kura hizo hazikupigwa tena.

Kabla ya kuuliza nani wa kulaumiwa, turudi nyuma kidogo. Juni 1982 Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, KANU ikawa ndiyo chama cha pekee kwa sheria. Mwaka 1988 ukaja mlolongo. Mwananchi alisimama hadharani nyuma ya wakala au picha ya mgombea, chifu akimtazama na mwajiri wake akimtazama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alipita bila kupingwa. Wazee waliomo humu wanajua jinsi foleni fupi ilivyotangazwa kuwa ndefu. Watu huzungumzia hofu ya siku zile, nao wana haki. Lakini kwa maoni yetu ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mlolongo haukuacha karatasi. Watu wakishatawanyika, ushahidi umetawanyika nao, na hakuna mahakama iliyoweza kuhesabu upya miguu iliyokwisha kwenda nyumbani.

Viongozi wa dini walikuwa wa kwanza kusema. Siku ya mwaka mpya wa 1990, wakati tawala za chama kimoja zilipokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba Afrika nayo itafakari. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini akadai vyama vingi waziwazi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki barabarani tarehe 14 Agosti mwaka huo huo, siku chache baada ya kutishwa na waziri hadharani. Oktoba 1991 Wazambia wakamwondoa Kenneth Kaunda kwa kura, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Uchaguzi wa 29 Desemba 1992 ukampa Rais Moi takribani asilimia 36 tu, naye akashinda, kwa sababu karibu thuluthi mbili nyingine ziligawanywa kati ya Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Ya 1997 tunayapita. Ya 27 Desemba 2007 hatuwezi kuyapita bila kuwakumbuka waliokufa, zaidi ya 1,100, katika ugomvi juu ya hesabu ambayo Tume ya Kriegler baadaye ilisema haiwezekani tena kujulikana iliyo ya kweli.

Kutokana na damu hiyo tulipata Katiba ya 2010. Inampa mwananchi yeyote siku saba za kupinga tangazo la rais, na Mahakama ya Juu siku kumi na nne za kuamua. Na Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba hesabu iliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala haiwezi kugeuzwa Nairobi.

Tarehe 1 Septemba 2017 mti huo ulizaa. Majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi walibatilisha uchaguzi wa 8 Agosti. Hawakusema mgombea fulani aliiba. Walisema matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika, baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, na tume iliyoamriwa ifungue mitambo yake haikutii ipasavyo. Walifuata karatasi. David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wakati huo, ni Mwadventista, wa imani ile iliyofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Twalitaja hilo kwa furaha tu, halina uzito wa kisheria. Malawi nayo ikafuata: Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi wa rais, na katika marudio ya Juni akashinda Lazarus Chakwera, mchungaji. Septemba 2025 wapiga kura wa Malawi walimwondoa, naye akakubali. Hivyo ndivyo demokrasia inavyosafiri kutoka nchi hadi nchi.

Sasa turudi Oktoba. Waliosusia marudio walikuwa na sababu nzito. Chris Msando, msimamizi wa mitambo ya tume, alikuwa ameuawa mwezi Julai. Kamishna Roselyn Akombe alikimbilia New York na kujiuzulu. Mwenyekiti Wafula Chebukati mwenyewe alisema hadharani kwamba hawezi kuahidi uchaguzi wa kuaminika. Raila Odinga alikuwa amejitoa tarehe 10 Oktoba, na siku moja kabla ya kura Mahakama ya Juu haikuweza kusikiliza ombi la kuahirisha kwa kuwa majaji hawakutimia.

Lakini katika kimya cha siku ile mlikuwa na watu wa namna tatu. Mlikuwa na aliyekaa nyumbani kwa dhamiri yake. Mlikuwa na aliyetaka kupiga kura akaona mawe na magurudumu yanayoungua barabarani, akarudi. Na mlikuwa na karani wa uchaguzi, mara nyingi kijana wa kijiji kile kile, aliyeogopa kwenda kazini. Nani alikuwa wengi? Hakuna awezaye kujua, kwa maana hawakuacha karatasi. Tunasema wazi: kususia ni haki ya kila mtu, na kumfungia jirani njia si haki ya mtu yeyote. Polisi waliowapiga risasi waandamanaji wa Nyanza nao hawapati udhuru kwa sababu ya mawe yale.

Huko Kuria, ndani ya kaunti yetu hii hii ya Migori, watu walipiga kura. Wako waliowaita wasaliti. Sisi twakataa neno hilo. Mkuria aliyepiga kura na Mjaluo wa Rongo aliyebaki nyumbani walitumia haki moja, na tusipoweza kulisema hili kanisani hatutaliweza sokoni.

Tarehe 20 Novemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukosekana kwa kura katika maeneo yale hakukuharibu uchaguzi. Kwa hiyo imo katika vitabu vya sheria kwamba rais aweza kutangazwa bila kura za sehemu kubwa ya Nyanza. Tafakarini vizuri, ninyi mnaoshauri kususia kila mara. Aliyekaa nyumbani alidhani anapinga. Rekodi imemwandika kama asiyekuwapo.

Liko pia la nyumbani. Tulipinga chama kimoja, na bado huku tikiti ya chama kimoja imehesabiwa miaka mingi kuwa ndio ushindi, nayo hugawanywa katika mchujo wenye vurugu na orodha zisizojulikana zilikotoka. Uchaguzi mdogo wa seneta wa Migori, Oktoba 2018, ulionyesha njia nyingine. Ochilo Ayacko wa ODM alishinda, lakini Eddy Oketch wa chama kidogo alipata kura makumi ya maelfu, na kaunti haikuungua.

Mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo kila mtu aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne walijitenga na tangazo la mwisho, kesi ikapelekwa, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaidhinisha matokeo. Wengi wenu hamkuridhika. Hata hivyo mligombana juu ya karatasi zilizokuwapo.

Kwa mujibu wa Katiba uchaguzi unaofuata ni 10 Agosti 2027. Tunaliomba kila kanisa lililowakilishwa hapa lichague watu wawili kwa kila kituo kilicho karibu nalo, wanaojua kusoma na kuhesabu, wasio na madeni kwa mgombea yeyote. Kazi yao ni kungojea usiku ule hadi fomu 34A ibandikwe mlangoni, kuinakili, kuipiga picha, na kuileta. Kwa vituo vya mpakani, kuanzia Uriri na Suna Mashariki hadi Kehancha, tunaomba kila jozi iwe na Mjaluo mmoja na Mkuria mmoja. Majina yaandikwe leo kabla hatujaachana. Daftari liko kwa katibu, pale karibu na mlango.