Siri ya Mgonjwa Haiwekwi kwenye Status

(Muziki wa kipindi unasikika kwa sekunde kumi, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza juu ya simu iliyo mfukoni mwa mhudumu wa afya, na mambo yetu yanayoweza kutoka ndani yake.

Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Pale kwenye kituo cha afya, kata ni nesi, ni daktari, ni kijana wa maabara, ni mkalimani, ni yule anayeandika majina mlangoni. Tukifika mbele yao tunafungua mambo ambayo hata mume hayajui, hata mama mzazi hayajui. Tunayafungua kwa sababu bila kusema hatutibiwi. Basi kata ikienda kusimulia sokoni, mtungi umebaki na nini?

Siku hizi soko ni simu. Nesi anapiga picha wodini akitabasamu na wenzake, nyuma yake mama amelala kitandani na dripu mkononi. Picha inawekwa kwenye status ya WhatsApp. Mwingine anapiga picha ya mtoto aliyezaliwa usiku, anaiweka Facebook na maneno mazuri ya kumshukuru Mungu, lakini mzazi hakuulizwa. Mwingine anatuma sauti kwenye grupu: "Leo tumempokea binti wa kijiji fulani, mambo aliyofanyiwa ni ya kusikitisha." Hakutaja jina. Lakini kijiji hicho kina nyumba ngapi? Kabla ya jua kuzama watu wameshamjua.

Wengi wao hawana nia mbaya. Wanataka kuonyesha kazi, wanataka kusifiwa, au wamechoka na wanataka kupumua kidogo na wenzao. Lakini kidonda hakiulizi kisu kilikuwa na nia gani.

Kuna mama mmoja aliyekubali tuseme habari yake. Tumebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane, na hatutasema alitibiwa wapi. Yeye anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Siku moja mhudumu alipiga picha meza yake ya kazi na kuituma kwenye grupu, kuonyesha kwamba siku hiyo watu walikuwa wengi. Juu ya meza daftari lilikuwa wazi. Mtu mmoja akaivuta picha, akaikuza, akasoma majina. Baada ya siku tatu, wateja wa mandazi ya yule mama walianza kupungua. Watoto wa jirani wakakatazwa kucheza na watoto wake. Na yeye akaacha kwenda kuchukua dawa, miezi miwili mizima, kwa kuogopa kuonekana mlangoni pale. Siku hizi anakwenda kituo kingine, saa tatu kwa miguu kwenda, saa tatu kurudi.

(Muziki mfupi.)

Ndugu zangu, sikilizeni hatari yake. Mtu akiacha dawa hizo, virusi vinaongezeka mwilini, na dawa zinaweza kushindwa kufanya kazi. Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida anahitaji kumeza dawa kwa miezi sita au zaidi. Akikimbia katikati, ugonjwa unaweza kurudi na anaweza kuambukiza nyumba nzima. Na aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Saa 72 ni siku tatu. Kama siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zinapita akiwaza, "nikienda watanitangaza," nafasi imekwisha. Kwa hiyo picha moja haimuumizi mtu mmoja. Inawafukuza na wengine ambao hawajafika bado.

Kwetu sisi wakimbizi kuna jambo jingine. Wako kati yetu waliokimbia watu, hawakukimbia vita peke yake. Kuna mwanamke aliyemtoroka mume mwenye panga, kuna kijana aliyekataa kuingia kwenye kundi la wenye silaha. Wanaowatafuta nao wana simu. Picha ya wodi, yenye kibao cha kituo ukutani, inawaambia: huyu yuko hapa.

Tusidanganyane pia kwamba kufunika uso kunatosha. Watu wanajulikana kwa kitenge, kwa kovu, kwa mtoto waliyembeba, kwa sauti. Wala tusidanganyane kwamba status inafutika baada ya saa 24. Aliyeiona ameshaihifadhi, na aliyeihifadhi ameshaituma.

Sasa, sheria inasema nini? Kwa sisi tunaoishi Uganda, Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu. Haikusema raia tu. Hata mkimbizi ni mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Sheria hiyo inaweka hali ya afya na rekodi za matibabu katika kundi la habari zinazohitaji ulinzi wa pekee. Anayetoa habari za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi 4,800,000, au kufungwa hadi miaka kumi, au vyote viwili. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, nalo lina sera yake ya kulinda habari zetu tangu mwaka 2015. Na kiapo cha madaktari kinachojulikana kama Tamko la Geneva, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1948, sasa kinamtaka daktari atunze siri ya mgonjwa hata mgonjwa akiwa ameshafariki.

Hapo tuelewane. Si kila habari inayotoka ni kosa. Nesi akimweleza daktari atakayekutibu, hiyo ni kazi. Kituo kikiripoti kwamba kuna wagonjwa wa kipindupindu, bila kutangaza majina sokoni, hiyo inatulinda wote. Kosa ni kumpelekea habari zako mtu asiyehusika na matibabu yako, bila ruhusa yako.

Na ruhusa ni nini? Ruhusa ni kuulizwa kwa lugha unayoielewa, kuambiwa picha inakwenda wapi, na kuwa huru kusema hapana. Ukisema hapana, dawa utapewa vilevile. Hata mgeni wa shirika akija na kamera kubwa, unaweza kukataa na huduma yako ikabaki palepale. Mtu aliyezimia au anayetetemeka kwa homa hawezi kutoa ruhusa. Mtoto anasemewa na mzazi au mlezi wake.

Ukiona picha yako imerushwa, ufanye nini? Kwanza, tunza ushahidi: mwombe unayemwamini ahifadhi picha ile pamoja na siku, saa na jina la grupu, lakini asiisambaze. Pili, nenda kwa mkuu wa kituo, uombe ifutwe na malalamiko yako yaandikwe. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na mtu wako. Tatu, usiposikilizwa, nenda kwenye dawati la ulinzi, au piga simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi. Kama unamwamini cheyamani wa kijiji chako, anaweza kukusindikiza, na si lazima umweleze ugonjwa wako. Mwambie tu, "Habari zangu zimetolewa." Inatosha. Manesi na madaktari nao wana mabaraza yao ya taifa yanayoweza kuwaita na kuwauliza. Na kulalamika hakukuondolei haki ya kutibiwa.

Wakalimani, nanyi nawasalimu. Hapa tunapoishi kuna Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na bila ninyi daktari angekuwa bubu. Lakini mdomo wako unapotoka chumbani mle, yale uliyoyatafsiri yabaki mle. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani mwingine, hasa kama wewe ni jirani yake. Akiomba hivyo, usimkasirikie.

Waganga na manesi, tunawajua. Mnafanya kazi usiku kwa tochi, mnahudumia foleni isiyokwisha. Tunawaomba tu mambo mepesi. Simu ibaki mfukoni mnapokuwa na mgonjwa. Daftari lifungwe kabla ya kupiga picha ya meza. Mkitaka ushauri wa mwenzenu kwa picha ya kidonda, ombeni ruhusa kwanza, mtumieni yeye peke yake, kisha futeni.

Na sisi tulio nje ya wodi? Grupu haliwi na nguvu bila sisi. Unapopokea picha ya mgonjwa, iishie kwako. Usiulize "ni nani huyo?" Mwandikie aliyeituma, kwa heshima, "Ndugu, futa hii." Na tunapokwenda kumtembelea mgonjwa wetu, tusipige video ya wodi nzima. Kitanda cha pili nacho kina mtu.

Yule mama wa mandazi ametupa ujumbe mmoja wa kuwafikishia. Amesema haombi yule mhudumu afukuzwe. Anaomba siku moja aweze kurudi kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwake, achukue dawa zake, apite sokoni, aende kukanda unga. Kama wewe ni mhudumu wa afya na umenisikia, jibu lake liko kwenye simu yako. Ifungue leo jioni, uone kilichomo, ufute kisicho chako.

 

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)