Amesomea Sosholojia, Sasa Ataitwa Nani?

Mazungumzo kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne, Kaunti ya Kilifi



Kila majina ya walioitwa vyuoni yanapotoka, kuna nyumba ambayo furaha yake hukatika nusu. Binti wa jirani ameitwa kusomea uuguzi, vigelegele vinapigwa. Wa nyumba hii ameitwa kusomea sosholojia, yaani elimu ya jamii, na baba anauliza swali moja tu: akimaliza ataitwa nani? Mwalimu huitwa mwalimu. Muuguzi huitwa muuguzi. Huyu je?

Swali hilo ni la haki. Mzazi aliyeuza mbuzi au kukopa kwenye chama anapaswa kujua pesa zake zinakwenda wapi. Jibu ni kwamba aliyesomea sosholojia mara nyingi haitwi mwanasosholojia. Anaitwa afisa wa watoto, afisa wa probesheni, afisa wa maendeleo ya jamii, mtafiti, mwanahabari, msimamizi wa wafanyakazi kiwandani, na wakati mwingine chifu. Wako wengi, ila wamejificha nyuma ya vyeo vingine.

Mahakamani, kijana akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuomba ripoti kabla ya kutoa adhabu. Afisa wa probesheni hufunga safari hadi kijijini, akazungumza na wazazi, mzee wa mtaa na aliyekosewa. Ripoti yake inaweza kumsaidia hakimu kuamua iwapo kijana ataingia jela au atafanya kazi ya kuhudumia jamii, kama inavyoruhusiwa na sheria ya mwaka 1998. Afisa asiyejua kuuliza, au asiyeelewa boma linavyoishi, anaweza kumpoteza mtoto wa mtu kwa karatasi mbili.

Afya nayo ina mengi. Choo kinaweza kujengwa kikakamilika, kina mlango na paa, na bado nusu ya boma wakaenda kichakani. Mhandisi atakagua shimo na kusema halina kasoro. Lakini katika baadhi ya jamii nchini, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, kwa heshima. Hilo halionekani kwenye ramani ya ujenzi. Hujulikana na mtu aliyefunzwa kukaa na watu, kuwasikiliza akina mama peke yao na wazee peke yao, kisha kurudi ofisini na jibu: vyoo viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa. Pesa za umma huokolewa hapo.

Zikikosekana juhudi za aina hiyo, gharama huwa kubwa. Mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, ulipangwa kuzalisha takriban megawati 60. Ulifutwa mwaka 2016 baada ya mvutano mkali na wakazi kuhusu ardhi. Upepo ulikuwepo na wafadhili walikuwepo; kilichokosekana ni maelewano. Tangu Katiba ya 2010, ushirikishwaji wa umma si hisani ya kiongozi bali ni matakwa ya sheria, na kila barabara, bwawa au bandari inahitaji watu wa kuchunguza nani atahamishwa, makaburi ya nani yatapitiwa, na fidia itamfikia mjane au itaishia kwa shemeji.

Hata sensa ina mkono wa fani hii. Mwaka 2019 Kenya ilihesabiwa kuwa na watu milioni 47.6. Kabla ya kuhesabu, lazima mtu aamue “nyumba” ni nini. Mume aliye kazini Mombasa, wake wawili wanaopika vyungu tofauti katika boma moja: hiyo ni nyumba moja au mbili? Swali likiandikwa vibaya, mgao wa dawa na madarasa nao utakwenda vibaya.

Wanaotaka mfano wa karibu wamkumbuke Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe hapa Kilifi. Alifundisha sosholojia chuo kikuu, akaandika riwaya za Kiswahili zikiwemo Mafuta na Walenisi, akawekwa kizuizini miaka ya themanini, na mwaka 1997 akagombea urais. Philip Mbithi, profesa wa fani hiyo hiyo, aliandika kuhusu harambee, akawa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha mkuu wa utumishi wa umma. Ng’ambo, Martin Luther King alipata shahada yake ya kwanza katika sosholojia mwaka 1948, kabla ya kusomea theolojia.

Sasa ukweli mchungu. Nafasi katika serikali ya kaunti ni chache, na shahada peke yake haimfungulii mtu mlango. Wapo wahitimu wanaokaa nyumbani miaka miwili wakisubiri tangazo lenye neno “sosholojia”. Tangazo hilo huenda lisije. Mengi huandikwa “sayansi za jamii au fani inayohusiana”, nao huyapita bila kuyasoma hadi mwisho. Wengine walikimbia takwimu wakiwa chuoni, wakidhani wameponea hesabu za sekondari, na sasa kila shirika linataka mtu anayeweza kuchambua data. Mafunzo ya nyanjani nayo si ya kutafuta mhuri tu. Mwanafunzi anayetumia wiki zake kumi na mbili kuchemsha chai ofisini amejidhulumu, hata kama ofisi nayo ina lawama.

Basi kabla binti hajalazimishwa kuomba uhamisho wa kozi kupitia KUCCPS, mzazi na mtoto wakae chini na matangazo matano ya kazi ya mwaka huu, ya kaunti, ya Tume ya Utumishi wa Umma na ya mashirika. Wasome sehemu ya masomo yanayotakiwa, mstari kwa mstari, kisha ndipo waamue.