Juu ya Kusema Vema na Kuzungumza na Wenzetu
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Wakristo wa Igogo, Mwanza)



Tumetakiwa kusema machache katika sikukuu hii ya Jubilei, nasi tumechagua jambo lililo karibu na kila mlango, yaani kusema vema na kuzungumza na wenzetu. Hapa Igogo nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe, hata ua wa mmoja u juu ya bati la mwenzake. Tena hatukutoka mahali pamoja. Mitumbwi ilileta watu tangu zamani, na reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikaleta wengine. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na Wahaya twakaa bega kwa bega, kila mmoja na adabu ya kwao. Neno lililo mzaha kwa huyu laweza kuwa tusi kwa yule.

Wasukuma, wenyeji wa nchi, hawakuzoea kuanza shauri pasipo salamu. Asubuhi husema Mwangaluka, jioni Mwadila, kisha huulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Kijana wa mjini hudhani huko ni kupoteza wakati. Sivyo. Katika salamu ndefu mtu hupata nafasi ya kumtazama mwenzake usoni, ajue kama ana msiba au hasira, kabla hajatoa neno lake. Na jioni, shikome, penye moto wa wazee, vijana walijifunza kunyamaza asemapo mwingine. Nalo ni somo gumu kuliko kusema.

Mapadre Weupe walifika Kageye, ufukoni mwa ziwa letu, mwisho wa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi. Lavigerie, aliyewatuma, alikuwa amewaagiza kwamba isipite miezi sita baada ya kufika, nao wazungumze hata wao kwa wao kwa lugha ya wenyeji. Hebu tuwawaze Wafaransa wawili mezani wakiombana chumvi kwa Kisukuma, na mpishi akicheka nyuma ya mlango! Lakini agizo lilikuwa la busara, maana asiyekubali kuchekwa hajifunzi lugha ya mtu.

Mwenye kutufundisha zaidi ni mtu wa ziwani humu, katekista Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Wako wasomaji wanaolalamika kwamba watu wa kitabu kile husalimiana mno. Sisi twaona humo ndimo ulimo utamu wake. Na tutazame asili ya msiba wenyewe: Bugonoka hakupata mtoto, ndugu za mumewe wakamsema vibaya, wazazi wake wakaja wakamchukua. Hakupigwa, hakunyimwa chakula; maneno tu yaliivunja nyumba. Ndipo Myombekere akafunga safari kwenda kwa wakwe, akapiga hodi kwa heshima, akasikiliza lawama, akakubali kutoa pombe ya ndizi aliyotozwa. Mume mwenye kiburi angalisema, "Mimi sikumtukana." Myombekere alitaka mke wake arudi.

Na kwetu? Mvua zikianza, maji ya aliye juu huteremka hata ndani ya nyumba ya aliye chini. Tumeona watu wanaokula Komunyo katika kanisa moja wakipitana njiani bila salamu, miaka na miaka, kwa ajili ya mfereji mmoja. Mara nyingi si maji yaliyowatenga, bali neno la kwanza, lililopigiwa kelele toka chini, au kutumwa kwa mtoto, au kwa simu, ambayo haionyeshi uso. Aliye chini na apande mwenyewe, mchana, mvua ikiisha kukatika. Asalimu, akae akikaribishwa, aseme habari ya maji tu, asitaje kabila wala mambo ya mwaka jana. Naye aliye juu asiharakishe kujitetea. Na aulize kwanza maji yameingia mpaka wapi, kisha atwae jembe, washuke pamoja wakatazame.