Ukipunguzwa kazini, jua haki zako

Biashara zinapoyumba, wapo wanaoitwa ofisini na kuambiwa: kuanzia kesho usije. Hapa Tanzania utaratibu huo haukubaliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe, namna ya kuepusha hatua hiyo na vigezo vya kuchagua wanaoondoka.

Unalipwa nini? Mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au fedha badala yake. Ukiwa umetumikia miezi 12 au zaidi, kuna kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Umeachishwa isivyo haki? Peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Tunza mkataba na hati zako za mshahara. Usitie saini barua usiyoielewa. Familia inakutegemea, dai kilicho chako.