Ugonjwa Haukuuliza Mpaka



Nimeombwa niseme machache juu ya UKIMWI katika mpaka wetu wa Kagera na Uganda. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni lawama.

Ugonjwa ulipoonekana Kasensero, wilayani Rakai, mwaka 1982, wako waliodai kuwa wamerogwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao. Sisi huku, wagonjwa wetu wa kwanza walipotambuliwa mwaka 1983, tuliuita "Juliana", jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Kila upande ulimnyooshea jirani kidole.

Hebu tutazame hesabu. Uchunguzi wa mwaka 1987 mkoani Kagera ulikuta virusi kwa watu wazima 24 katika kila 100 mjini Bukoba. 10 Bukoba Vijijini na Muleba. Wanne au watano Karagwe. Na Ngara na Biharamulo hakufika hata mmoja. Lakini Karagwe ya wakati ule ilipakana na Uganda, na Ngara inapakana na Rwanda na Burundi! Kule Rakai, utafiti uliotangazwa mwaka 1991 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 kwenye vituo vya biashara vya barabara kuu, 29 kwenye vijiji vya biashara vya njia ndogo, na 9 kwenye vijiji vya wakulima.

Mnaona wenyewe. Tofauti kubwa haikuwa kati ya Mtanzania na mtu wa Uganda, bali kati ya mjini na shambani, kati ya barabara kuu na kijiji cha ndani. Virusi vilisafiri na watu, popote watu walipokutana.

Mjini Bukoba kiwango kilishuka, kikawa 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Jirani alikuwa palepale, hakuhama. Basi si yeye tuliyepaswa kumchunga, ni nafsi zetu.

Wanafunzi, leo vipimo vipo na dawa zipo. Anayezimeza ipasavyo huishi miaka mingi. Hata hivyo lawama haijafa. Mkimwona mwenzenu wa bweni anameza dawa zake, msimbandike jina kama tulivyoubandika ugonjwa. Mpeni maji ya kumezea, kisha nendeni mkapime.